Mostar: Daraja la Zamani, Mawe Mapya

Treni inayotoka Sarajevo kwenda Mostar huteremka kwa muda wa saa mbili hivi, ikiingia handaki hili na kutokea lile, na baada ya mji wa Konjic inashikamana na mto Neretva isiuachie tena. Anayetaka kuona vizuri na akae upande wa mto. Maji ni ya kijani, safi, na ni baridi hata katikati ya Julai, wakati mji wa Mostar wenyewe unachemka kwa nyuzi 40. Baridi hiyo naitaja mapema kwa kuwa wapo vijana wanaoishi kwayo.

Stesheni iko mashariki ya mto. Kutoka hapo mtu hutembea taratibu hadi mji mkongwe, ambako lami inaisha na mawe ya mtoni yaliyopangwa kwa mkono yanaanza kusumbua nyayo. Njia inabana. Katika mtaa wa Kujundžiluk maduka ya vyombo vya shaba yanasogeleana, wachuuzi wanagonga sahani na mabirika, na moshi wa nyama ya kuchoma unamfuata mpita njia bila kumwuliza kama ana njaa. Halafu paa zinaachana na daraja linaonekana lote kwa mara moja.

Ni tao moja tu. Hakuna nguzo iliyosimamishwa majini. Linavuka mto kwa karibu mita 29, njia yake ina upana wa mita 4, na katikati limeinuka kiasi kwamba aliye upande huu humwona anayekuja kwa awamu: kofia, kisha uso, mwisho mabegi. Sakafu imesuguliwa na nyayo mpaka inateleza, na ndiyo maana imewekewa mistari ya mawe iliyojitokeza ili mguu upate pa kushika. Mvua ikinyesha hata wenyeji hupita wakiwa wameegemea ukuta. Jina lake ni Stari Most, yaani Daraja la Zamani, na mji mzima ulipata jina kutokana na waliolinda daraja lililolitangulia: waliitwa mostari, walinzi wa daraja.

Juu kabisa, nje ya uzio wa chuma, anasimama kijana mwenye kaptura ya kuogelea. Haruki. Anajinyoosha, anatazama chini, anageuka kana kwamba ameghairi, na wakati huo mwenzake anapita katikati ya watalii na kofia mkononi akikusanya euro. Ikionekana fedha haijatosha, yule wa juu anarudi ndani ya uzio na kukaa kivulini. Ikitosha, anajimwagia maji ya baridi ili mwili usishtuke, anarudi ukingoni, anatulia. Kishindo cha maji kinasikika kabla macho hayajaelewa kilichotokea. Urefu wa mruko huo ni zaidi ya mita 20, ukizidi au kupungua kwa kutegemea kina cha mto siku hiyo.

Aliyekulia Unguja hawezi kutazama jambo hili bila kukumbuka makachu wa Forodhani, wale vijana wanaojirusha baharini kutoka ukutani jioni, kila mmoja kwa mtindo wake, huku umati ukipiga kelele. Mchezo ni mmoja: ujasiri, madoido, na hesabu ya nani atatoa chochote. Tofauti ni kimo, na maji. Bahari ya Forodhani humpokea mtu kwa uvuguvugu, Neretva humkaba. Mostar nao wameuwekea mchezo wao taratibu. Ipo klabu ya warukaji, Mostari, yenye makao yake kwenye mnara wa Halebija, upande wa magharibi wa daraja. Mitindo mikuu ni miwili: kutanguliza miguu, na ule wanaouita mbayuwayu, ambapo mrukaji hutanua mikono angani na kutanguliza kichwa. Mgeni mwenye moyo anaweza kufundishwa, lakini huanzia kwenye jukwaa la chini kando ya mto, na hilo si suala la kujadiliana.

Mashindano yao hufanyika kila mwaka mwishoni mwa Julai. Mwaka 2016 yalitangazwa kuwa ni ya 450, kwa sababu hesabu huanzia mwaka daraja lilipokamilika. Mtu anaweza kutabasamu kwa hesabu ya namna hiyo, lakini haijatoka hewani. Evliya Çelebi, msafiri wa Kiosmani aliyepita hapa mwaka 1664, alishaandika habari za vijana wa Mostar kujirusha kutoka darajani. Tangu 2015 mashindano ya dunia ya Red Bull nayo yamekuwa yakiletwa hapa, na jukwaa lao huinuliwa juu zaidi, mita 27. Wazee wa mji huyatazama, huyasifu, kisha hurudi kumzungumzia Emir Balić, bingwa wao wa enzi za Yugoslavia aliyefariki mwaka 2019, kana kwamba mrukaji mwingine hajazaliwa.

Kabla ya jiwe palikuwa na mbao. Katika karne ya 15 watu walivuka kwa daraja lililoning'inizwa kwa minyororo, nalo liliyumba kiasi cha kumfanya mtu avuke akiwa ameshikilia roho. Wakazi wakamwomba Sultani awajengee la kudumu. Sultani wa wakati huo alikuwa Suleiman, yule ambaye Ulaya ilimwita Mtukufu, na mwaka 1557 akatoa amri. Kazi ilikabidhiwa kwa Mimar Hayruddin, mwanafunzi wa Sinan, msanifu mkuu wa dola ya Osmani. Ikamalizika mwaka 974 wa Hijria, sawa na 1566. Miaka tisa kwa tao moja.

Wapo wanaosimulia kwamba Hayruddin aliambiwa atakatwa kichwa daraja likianguka, na kwamba siku ya kuondoa kiunzi cha mbao alikuwa amekwisha kujichimbia kaburi, au amekwisha kukimbia mji, kutegemea unamwuliza nani. Ni ngano, lakini imeshika mahali penye ukweli. Wakati wa kujenga tao, mawe hulala juu ya kiunzi na hayajishikilii yenyewe. Tao huanza kuwa tao pale jiwe la mwisho la juu linapokazwa katikati. Hapo kila jiwe linamsukuma jirani yake, na uzito wote unateremka pande mbili hadi kwenye miamba ya kingo. Kiunzi kikishatolewa, hesabu imekubali au imekataa. Hakuna fundi aliyewahi kuishuhudia saa hiyo bila jasho.

Jiwe lenyewe linaitwa tenelija. Ni aina ya chokaa, jepesi, la rangi kati ya maziwa na asali, laini likitoka machimboni na gumu likishapigwa na hewa. Linachimbwa kilomita chache kusini ya mji. Waashi wa Hayruddin hawakuliamini peke yake. Waliunganisha jiwe na jiwe kwa vibanio na pini za chuma, kisha wakamimina madini ya risasi yaliyoyeyushwa kwenye matundu ili chuma kisicheze wala kisipate kutu haraka. Mabega ya daraja, pale juu ya kingo, hayakujazwa yote. Ndani yake waliacha matupu ili kupunguza uzito. Mtalii anayepiga picha kutoka mtoni anaona wembamba wa tao na kuusifu kwa uzuri wake, asijue kwamba wembamba huo ulikuwa uamuzi wa mtu anayeogopa mzigo.

Umbali mfupi tu kutoka hapo, juu ya kijito cha Radobolja, liko daraja dogo la aina hiyohiyo, Kriva Ćuprija, la mwaka 1558. Husemwa kwamba lilikuwa jaribio kabla ya lile kubwa. Lilinusurika vita, likaja kusombwa na mafuriko mwishoni mwa 1999, na likajengwa upya mwaka 2001. Wanaokwepa msongamano hunywa kahawa pale.

Baada ya daraja, mji ulikua haraka. Misikiti ikasimama kwenye kingo, ule wa Koski Mehmed Pasha ukiwa maarufu kwa kuwa mnara wake ndio unaotoa picha ambayo kila mtu anayo kwenye simu yake. Ngozi zilisindikwa upande mmoja, shaba ikafuliwa upande mwingine. Waosmani waliondoka, Waaustria wakaingia mwaka 1878 wakajenga stesheni, shule na mahoteli. Ikaja Yugoslavia ya wafalme, ikaja Yugoslavia ya Tito. Daraja lilipita katika tawala zote hizo likiwa na kazi ileile ya kuvusha watu, kondoo na mizigo.

Vita vya Mostar vilikuwa viwili, na asiyevitenganisha hatalielewa daraja. Vya kwanza vilikuwa vya mwaka 1992. Jeshi la Yugoslavia na vikosi vya Waserbia waliupiga mji kwa mizinga kutoka vilima vya mashariki, na waliowafukuza walikuwa Wakroatia na Wabosniaki wakipigana bega kwa bega. Vita hivyo vilipotulia, madaraja mengine ya mjini yalikuwa yamelala mtoni. La Hayruddin lilijeruhiwa tu.

Vya pili vilianza tarehe 9 Mei 1993, na safari hii washirika wa jana ndio waliogeukiana. Wapiganaji wa HVO, jeshi la Wakroatia wa Bosnia, waliishika sehemu kubwa ya magharibi. Familia za Wabosniaki zilizoishi huko zilitolewa majumbani. Wanaume wengi walipelekwa kambini Heliodrom, kusini ya mji, na wengine wakasukumwa kuelekea mashariki. Mostar ya mashariki ikawa imezingirwa: hakuna umeme, chakula ni cha kubahatisha, wadunguaji juu ya majengo. Wafu walizikwa usiku katika bustani ya mjini, karibu na msikiti wa Karađozbeg wa mwaka 1557, kwa kuwa majengo yaliikinga bustani hiyo na macho ya wenye bunduki. Bustani hiyo sasa ni makaburi, na mwaka ulioandikwa juu ya mawe yale ni uleule, safu baada ya safu: 1993, 1993, 1993. Nilipita hapo kabla sijafika darajani, kwa kuwa ndiko njia inakopita, na nashauri ratiba hiyo kwa kila mtu.

Katika miezi hiyo daraja lilikuwa kila kitu. Wabosniaki walishikilia pia ukanda mwembamba wa ukingo wa magharibi, na njia ya kuufikia ilikuwa hiyo. Maji ya kunywa yalipita hapo, majeruhi walipita hapo, askari na risasi vilipita hapo. Watu walilifunika kwa mabati, mbao na matairi ya magari, wakalijengea kipaa, wakijaribu kulikinga dhidi ya mizinga kama vile mtu anavyomfunika mgonjwa. Tarehe 8 Novemba kifaru cha HVO kilichokuwa kwenye kilima cha Stotina kilianza kulipiga na hakikuacha. Kesho yake, tarehe 9 Novemba 1993, saa nne na robo asubuhi, tao liliachia na kuanguka lote mtoni. Ipo video ya tukio hilo. Ni fupi, imetikisika, na wenyeji wengi hawapendi kuitazama. Daraja lilikuwa limesimama miaka 427.

Yaliyofuata mahakamani yanamhusu msomaji wa Afrika Mashariki kuliko anavyodhani. Kesi ya viongozi sita wa Wakroatia wa Bosnia, akiwemo Slobodan Praljak aliyekuwa kamanda wa HVO, ilisikilizwa The Hague katika mahakama iliyoundwa na Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Yugoslavia ya zamani. Mahakama hiyo na ile ya Arusha iliyoshughulikia mauaji ya kimbari ya Rwanda zilikuwa ndugu: majaji wao wa rufaa walikuwa walewale, na masalia ya kazi zao yalirithiwa na chombo kimoja chenye ofisi mbili, moja The Hague na moja Arusha. Hukumu ya kwanza, ya Mei 2013, ilihesabu kubomolewa kwa daraja miongoni mwa makosa. Rufaa ikaja na jibu jingine. Tarehe 29 Novemba 2017 majaji walisema kwa wingi wa kura kwamba, kwa kuwa lilitumiwa na wapiganaji, daraja lilikuwa shabaha halali ya kijeshi wakati lilipopigwa, hivyo kubomolewa kwake hakuwezi kuitwa uharibifu wa makusudi usio na sababu ya kivita. Makosa mengine yalibaki, na kifungo cha Praljak cha miaka 20 kikathibitishwa. Alipokisikia alisimama, akasema yeye si mhalifu, akanywa sumu mbele ya kamera, akafariki siku hiyohiyo. Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu ya mwisho ya mahakama ile.

Kisheria hoja ya rufaa inaeleweka. Askari walipita darajani. Hilo halina ubishi. Ila nikiwa nimesimama juu ya tao, nikitazama kilima kile na kuona jinsi lengo lilivyokuwa wazi na jinsi lilivyokuwa dogo, niliona ugumu wa kumweleza mtu wa Mostar kwamba sheria haina neno kuhusu jambo lililomuumiza kuliko yote.

Kujenga upya kulianzia chini ya maji. Mwaka 1997 wapiga mbizi wa jeshi la Hungaria waliingia Neretva na kuanza kuyapandisha mawe yaliyoanguka, mengine yakiwa bado yameshikana kwa chuma cha Hayruddin. Matumaini yalikuwa kuyarudisha mahali pake. Haikuwezekana, yalikuwa yamepasuka na kuchakaa mno. Yakawekwa kando ya mto, na tenelija mpya ikachimbwa.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa ya kuvutia. Ingekuwa rahisi kumwaga zege na kulivisha sura ya jiwe, na fedha nyingi zingeokolewa. Badala yake iliamuliwa kujenga kama walivyojenga wale wa 1566. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florence walichunguza muundo, vipimo na picha za zamani vikakusanywa, na hata kupinda kidogo kwa tao la kale kulizingatiwa, kwa kuwa tao la Hayruddin halikuwa na ulinganifu kamili. Waashi kutoka Uturuki walichonga kwa mkono mawe 1,088. Vibanio vya chuma vikarudi, madini ya risasi yakayeyushwa tena. Benki ya Dunia, Unesco, Uturuki, Italia, Uholanzi na Kroatia yenyewe ni miongoni mwa waliochangia au kusimamia. Jiwe la mwisho la tao lilikazwa Agosti 2003, na tarehe 23 Julai 2004 daraja lilifunguliwa kwa fataki, hotuba, na vijana wakijirusha wakiwa na mienge.

Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan nao ulikuwa hapo, pamoja na shirika la World Monuments Fund. Kazi yao haikuwa daraja bali mitaa inayolizunguka: nyumba, paa, vichochoro, mpango wa kuhifadhi mji mkongwe wote. Mfuko huohuo wa Aga Khan ndio ulioikarabati bustani ya Forodhani mwaka 2009, na kabla ya hapo lile jengo la zahanati kongwe kwenye ufuko wa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Bila mitaa ile ya Mostar, daraja lingekuwa tao zuri katikati ya kifusi.

Julai 2005 Unesco ililiandika eneo la daraja katika orodha ya Urithi wa Dunia, la kwanza nchini Bosnia na Herzegovina. Wataalamu walibishana. Orodha hiyo hupenda vitu asilia, na hapa palikuwa na tao la mwaka mmoja. Likapitishwa kwa kigezo cha maana yake kwa watu, wala si umri wa mawe. Wapo mpaka leo wanaoliita nakala. Kwa upande wangu sioni aibu katika neno hilo. Machimbo ni yaleyale, mishono ni ileile, na waashi wa karne ya 21 walilazimika kujifunza upya ufundi uliokuwa umekaribia kusahaulika. Nakala ya namna hiyo ni kazi halali.

Kinachonisumbua ni hotuba. Siku ile ya 2004, na katika vipeperushi tangu hapo, daraja lilitangazwa kuwa limeunganisha tena pande mbili zilizopigana: Wabosniaki Waislamu huku, Wakroatia Wakatoliki kule, mto katikati. Picha inapendeza, na ramani inaikataa. Mwisho wa magharibi wa daraja uko katika mtaa wa Wabosniaki, na mwisho wa mashariki vilevile. Wakati wa vita hii ilikuwa njia ya upande mmoja kujivusha. Mstari wa mbele haukuwa mto. Ulikuwa barabara inayoitwa Bulevar, mwendo mfupi magharibi ya daraja, ambako watalii wachache hufika.

Bulevar ni barabara pana ya kawaida yenye mataa na magari. Majengo kadhaa bado hayana madirisha. Miti imeota ndani na kuchungulia nje. Kuta zina matundu ya risasi yaliyosambaa kuanzia dari hadi sakafu. Karibu yake upo uwanja uliopewa jina la Hispania, kuwakumbuka askari wa kulinda amani kutoka nchi hiyo waliofia huku. Ng'ambo ya barabara, mnara wa kanisa la Wafransisko umeinuka zaidi ya mita 100, na juu ya kilima cha Hum, kilichotumika kuupiga mji, umesimikwa msalaba wa mita 33 tangu mwaka 2000. Upande wa pili minara ya misikiti inajibu. Mtu anayejua kusoma miji hahitaji mfasiri.

Kando ya uwanja huo limesimama jengo la rangi ya machungwa, la mtindo wa Kimoro, lililojengwa na Waaustria: Gimnazija, sekondari maarufu kuliko zote mjini. Mwaka 2004, mwaka uleule wa daraja, uongozi wake uliunganishwa. Mtaala haukuunganishwa. Vijana wanaingia kwa mlango mmoja, kisha baadhi wanasoma historia na lugha kwa mtaala wa Kikroatia, wengine kwa ule unaofuatwa na Wabosniaki. Katika jengo hilohilo, mwaka 2006, kilifunguliwa chuo cha United World College, ambako vijana wa pande zote na wa nje walisoma darasa moja. Mtandao wake ndio ule uliofika Moshi na Arusha mwaka 2019. Kwa maoni yangu, chuo hicho kimevusha watu wengi wa kweli kuliko tao la mtoni.

Siasa ndizo zilizochelewa kabisa. Baada ya uchaguzi wa mitaa wa 2008, vyama vilishindwa kukubaliana juu ya kanuni za kupiga kura, na Mostar ikakaa miaka kumi na miwili bila kuchagua madiwani. Meya alibaki ofisini kwa kukosekana wa kumpokea. Aliyevunja mkwamo alikuwa mwalimu wa falsafa na mwanasiasa, Irma Baralija, aliyeishtaki nchi yake katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya na kushinda mwezi Oktoba 2019. Wapiga kura wakarudi vituoni tarehe 20 Desemba 2020.

Kwenye mpira mambo ni hayohayo. Zrinjski ni ya Wakroatia, Velež ina mashabiki wake upande wa pili, na uwanja wa Bijeli Brijeg, uliokuwa wa Velež kabla ya vita, sasa ni wa Zrinjski. Ukitaka kuharibu mazungumzo mazuri mgahawani, anzia hapo.

Jaribio lililonifurahisha kuliko yote ni la mwaka 2005. Kikundi cha wanaharakati wa mjini walitafuta shujaa ambaye Wakroatia, Wabosniaki na Waserbia wote wangempenda bila kuulizana dini yake. Wakampata: Bruce Lee. Sanamu yake ya shaba ilizinduliwa katika bustani nyingine ya mjini Novemba mwaka huo, siku moja kabla ya ile ya Hong Kong. Yeyote aliyewahi kubanana kwenye kibanda cha video cha Manzese au Kariakoo atakubali kwamba hawakukosea mtu.

Sasa kwa anayepanga safari. Njia rahisi kutoka kwetu ni kupitia Istanbul hadi Sarajevo, halafu treni. Fedha ya nchi ni marki. Euro moja ni karibu marki mbili, na maduka ya mji mkongwe hupokea zote, ila chenji utapewa kwa marki. Vaa viatu vyenye soli inayoshika. Lala Mostar walau usiku mmoja, kwa kuwa mabasi ya watalii wa siku moja kutoka Dubrovnik na Split huwasili asubuhi ikishachangamka na kuondoka alasiri. Kabla na baada ya hapo utapita darajani pamoja na watu wanaokwenda kazini. Panda mnara wa Tara, ndani yake mna makumbusho ya daraja na mabaki ya ujenzi wa kwanza. Karibu na mwisho wa daraja utaona jiwe dogo lililoandikwa kwa rangi kwamba 1993 isisahaulike. Watu hulipita bila kuliona.

Vijana wa darajani wape chochote, wanafanya kazi ya hatari. Halafu, ukishapiga picha zako, usirudi hotelini. Endelea kutembea kuelekea magharibi mpaka ufike Bulevar, simama hapo, ivuke, kisha uitazame Mostar kutoka upande ule mwingine. Tenga siku nzima, na nusu yake uitumie mbali na mto.